Babu Aliyezaliwa Kinywani mwa Kinyabike

Kwenye ukingo wetu wa mto Agidel, mtu akitaka kujua yeye ni nani hakwenda kujitazama kwenye kioo. Alikwenda kwa Kinyabike, na donge la chai mfukoni.

Kinyabike alikuwa mjane wa miaka sabini na ushei, mfupi, jicho moja limeingia ukungu. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, na alipopofuka alimmwagia binti yake majina yote aliyokuwa nayo kichwani: wafu wa koo tatu, kila mmoja na chapa yake, ndege wake na mti wake. Mullah Gaynislam alikuwa na karatasi ya majina hayo hayo. Karatasi na Kinyabike wakikosana, watu walimwamini Kinyabike, kwa kuwa karatasi haikuwahi kumchekesha mtu.

Watoto wakimwuliza, "Bibi, sisi Wabashkort tumetoka wapi?", jibu lilitegemea nani kaja na chai. Bash ni kichwa, hilo halina ubishi. Tatizo ni kort. Kwetu kort ni nyuki. Binamu zetu wa nyika ya kusini wakilitamka neno hilo, farasi hutega masikio, maana kwao ni mbwa mwitu. Wafugaji wa farasi waliutaka ukoo wa mbwa mwitu, warina asali wakataka wa nyuki, na siku za karamu walikuwa wakishikana mashati kwa ajili ya neno moja. Kinyabike aliwaridhisha wote. Alisema mababu walikuwa wakizurura kwenye nchi kavu, ulimi nje, ndipo mbwa mwitu akatangulia mbele yao mpaka Milima ya Ural, akawaonyesha maji na nyasi na misonobari, akaenda zake bila kuaga. "Mbwa mwitu ndiye aliyetuleta," alisema. "Nyuki ndiye aliyetufanya tusiondoke."

Lakini aliyependwa kuliko mbwa mwitu na nyuki pamoja alikuwa Kusyabay.

Kusyabay alikuwa babu wa nyumba mbili zilizotazamana mtoni: nyumba ya marehemu Yanbirde, mume wa Kinyabike, na nyumba ya mzee Tuhfat. Ukihesabu kutoka kwa Yanbirde kurudi nyuma, alikuwa wa nne. Ukihesabu kutoka kwa Tuhfat, wa nne vilevile. Kusyabay alinyonyeshwa na mbwa mwitu mwenye masikio meupe. Alipiga mshale juu ya mlima, ukarudi baada ya siku tatu na bata wawili. Mfalme Mweupe wa Warusi alipompelekea barua ya kumpa ardhi yake, Kusyabay alimjibu kwamba ardhi ni yake tayari, ila karatasi inafaa kuwashia moto. Na wapiganaji wetu walipofika Paris kwa farasi na pinde, wa kwanza kumnywesha farasi maji ya mto wa Wafaransa alikuwa yeye.

Mullah, mtu wa hesabu, aliwahi kumwambia, "Bibi Kinyabike, wakati wa Paris Kusyabay angekuwa na miaka mia moja na thelathini."

"Ndiyo maana alikwenda kwa farasi," Kinyabike akajibu. "Kutembea asingeweza."

Basi kiangazi kimoja, watu wakiwa wamehamia kambi za malishoni, mjukuu wake Tanhilu aliingia hemani, akakaa karibu na samawari bila kujimiminia chai. Kwa Tanhilu hiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa.

"Bibi, nataka umwondoe mtu."

"Nimwondoe wapi? Mimi sina hata mbwa wa kumfukuza mtu."

"Kwenye majina. Umwondoe Kusyabay."

Kinyabike alikiweka kikombe chini.

Msichana alimweleza. Yeye na Aytugan, mjukuu wa Tuhfat, walikuwa wamekubaliana tangu majira ya theluji. Aytugan alikwenda kwa mullah kuuliza, mullah akafungua karatasi, akahesabu kwa kidole. Kwa Tanhilu Kusyabay ni wa sita. Kwa Aytugan ni wa sita. Na kila mtoto wa kwetu anajua kabla hajajua kupanda farasi: mkikutana kwa babu mmoja ndani ya vizazi saba, ninyi ni kaka na dada, kafungeni ndoa na wengine.

"Ungemweka mbali zaidi hatua mbili tu," alisema Tanhilu.

"Babu si kigingi cha farasi, mtoto wee, nikakichomeka ninapotaka."

"Ijumaa anakuja kuniposa yule mtengeneza matandiko ya farasi wa ng'ambo ya milima. Baba amesema kama kwa Aytugan haiwezekani, atampokea. Bibi, yule mtu ana miaka arobaini, na anapokula unasikia."

"Mimi nitafanya nini?"

"Wewe ndiye unayeyajua majina. Ukisema umekosea, wataamini. Uongo mmoja tu, Bibi. Wewe husema kumi kabla ya kifungua kinywa."

Kinyabike alikisogeza kikombe mbali. Mjukuu wake alikuwa anamwomba uongo. Hakujua kwamba anachoomba ni ukweli, na kwamba ukweli huo ulikuwa na jino.

Kwa sababu Kusyabay hakuwahi kuwepo. Hakunyonya kwa mbwa mwitu, hakwenda Paris, wala hakuzaa mtu. Alizaliwa miaka arobaini iliyopita, mchana kweupe, kinywani mwa Kinyabike.

Mwaka ule mvua ilinyesha juu ya theluji, kisha baridi ikaifunga kama jiwe. Farasi walipiga kwato mpaka zikatoka damu, wasiyafikie majani. Wakafa kwanza farasi, kisha kondoo, kisha watoto. Sagida, binti mkubwa wa Kinyabike, alikufa akitafuna mkanda wa tandiko. Siku ya tatu baada ya kumzika, Yanbirde alichukua shoka na kamba ya ngozi, akaenda msituni. Alirudi na asali.

Kinyabike hakuuliza. Aliilambisha midomo ya watoto waliobaki, Biktimir akiwa mchanga asiye na nguvu ya kunyonya. Lakini aliona nta ina nyuki waliokufa ndani yake. Kwetu mrina asali hafungui mzinga wa mtini wakati wa baridi, hata uwe wake mwenyewe, maana ni kuua nyumba nzima. Na ule haukuwa wake. Ulikuwa msonobari wa mzee Ishmurza, baba yake Tuhfat, uliochongwa chapa ya nyumba yao, mguu wa kunguru.

Theluji ilipoyeyuka Yanbirde aliogopa. Akarudi kwenye msonobari, akaanza kuichimba chapa ya kunguru, haikwisha, akachonga juu yake chapa yake mwenyewe, ya kata ya kutekea maji, akaipaka majivu na utomvu ionekane ya zamani. Kwetu mtu anaweza kuiba farasi na watu wakamsimulia kwa kumsifu. Anayefuta chapa ya mwenzake juu ya mti wa nyuki, akishajulikana, jina lake halitajwi tena kwenye karamu, hai au mfu.

Ishmurza alipokuja na wanawe akaikuta kata, maneno yalikuwa machache na mashoka yalikuwa matano. Ndipo Kinyabike alipojipenyeza katikati, mtoto mgongoni, akaanza kuwacheka. Aliwaambia ni wajinga, wanataka kuuana ndugu kwa ndugu. Mti huo ni wa Kusyabay, aliyekuwa na wake wawili, na kila mke akawapa wanawe chapa yake, mmoja kunguru, mwingine kata. Wakamwuliza Kusyabay ni nani. Akawaambia. Aliwaambia mpaka jua likahama upande wa pili wa msonobari, na mashoka yakawa yameegemezwa chini. Tangu siku hiyo nyumba zile mbili ziligawana asali ya mti ule nusu kwa nusu, na hakuna aliyemtupia mwenzake jiwe.

Sasa ulimi uliookoa wanaume watano ulikuwa unamzika msichana.

Alhamisi asubuhi alivuka mto kwenda kambini kwa Tuhfat. Alimkuta mbele ya hema anasuka kamba ya kupandia miti, vipande vya ngozi vimemzunguka.

"Karibu, shemeji. Umekuja kwa miguu yako au umebebwa na Kusyabay?"

"Kusyabay hawezi kumbeba mtu. Hakuwahi kuwepo."

Tuhfat alicheka mpaka kamba ikamtoka mkononi. Akamwita mkewe alete kumis, maziwa ya farasi yaliyochachuka. "Hii ni mpya. Endelea."

"Nakwambia kweli, Tuhfat. Nilimtunga."

"Na yule dubu aliyekuja kuomba asali kwa adabu, akavua ngozi mlangoni asichafue mazulia, ulisema nayo ni kweli."

"Ile ilikuwa kweli kidogo."

"Shemeji." Sura yake ilibadilika, akawa mpole, na upole huo ulimuuma Kinyabike kuliko kicheko. "Najua kilichokuleta. Mjukuu wako analia, wangu hali chakula. Mimi mwenyewe ningefurahi. Lakini sitawaozesha watoto wa babu mmoja kwa kuwa bibi kaamka asubuhi akamfuta babu. Kusyabay nimemsomea dua miaka arobaini. Baba yangu alikata roho amenishika mkono, anasema, usigombane na watu wa Yanbirde, ni damu yetu. Leo nikaliambie nini kaburi lake?"

Kinyabike alikunywa kumis yake yote. Angeweza kuinuka hapo, akamwambia mjukuu wake kwamba amejaribu, na asingekuwa amesema uongo. Alifikiria hivyo kwa muda mrefu wa kutosha kumfanya Tuhfat amwulize kama anajisikia vibaya.

"Kesho, kabla ya swala," alisema, "njoo kwenye msonobari. Mlete na mullah."

"Kuna nini?"

"Kuna kitu chini ya gome. Na usiniite shemeji mpaka ukione."

Jioni alimweleza mwanawe, baba yake Tanhilu. Biktimir alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, mrina asali kama baba yake, na baba yake alikuwa ndiye kipimo chake cha kila kitu. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, kisha akaanza kunoa kisu kilichokuwa kikali tayari.

"Baba hayupo kujitetea," alisema.

"Ndiyo maana naweza kusema. Angekuwepo angenitazama tu, nami ningenyamaza."

"Alifanya kwa ajili yetu."

"Alifanya kwa ajili yako hasa. Wewe ndiye uliyeila hiyo asali."

"Basi nyamaza, Mama. Msichana ataolewa kwingine, watu wanaolewa kila siku. Yule mtengeneza matandiko si mtu mbaya."

"Si mbaya. Nami nilimnyamazia baba yako miaka arobaini, na asali nikala. Sasa unataka Tanhilu ndiye alipe?"

Biktimir alirudi kunoa kisu. Lakini kulipokucha alikuwa wa kwanza nje, shoka mkononi.

Chini ya msonobari walikutana wazee wote, na vijana wawili wakasimama mbali kidogo, kila mmoja upande wake wa njia, kama ndugu wema. Nyuki walikuwa wameanza kazi juu. Kata ilionekana vizuri kwenye shina, kwa urefu wa kifua cha mtu, midomo ya gome imeuma kingo zake.

Kinyabike alisema yote. Alisema kwa maneno machache, hakuna dubu, hakuna mshale, na kwa hiyo mwanzoni watu walidhani bado hajaanza. Mullah alisubiri sehemu ya kuchekesha. Alipofika kwenye majivu na utomvu, Tuhfat alisema taratibu, "Wewe mwanamke, unajua unamsema nani?"

"Mume wangu. Nililala naye miaka thelathini na moja, namjua. Biktimir, pasua."

Biktimir alipiga shoka kwa uangalifu, kama anayefungua mzinga. Gome lilitoka, kisha ubao wa juu, wa njano, unaonukia. Ile kata ikaanguka vipande vipande miguuni pake. Ndani, kwenye mti mkavu, palibaki vidole vitatu vya kunguru, viwili vizima, kimoja kimechimbwa nusu.

Tuhfat alisogea, akaweka kidole chake kwenye ule mkato, akaufuata mpaka mwisho. Ilikuwa kazi ya mkono wa babu yake.

"Mwaka gani?" aliuliza, bila kugeuka.

"Ule wa barafu."

"Kabla ya Sagida au baada?"

"Siku ya tatu baada."

"Tulikuwa na asali nyumbani," alisema Tuhfat. "Si nyingi. Baba angempa."

"Angempa. Hilo ndilo lililomshinda. Yanbirde kuiba aliweza. Kushukuru hakuweza."

Tuhfat akatoa sauti ya puani ambayo haikuwa kicheko wala kilio. "Alikuwa hivyo. Nilimtoa mtoni barafu ilipovunjika, mimi nikiwa kijana. Aliniambia nimemchelewesha." Akakaa juu ya mzizi. "Miaka arobaini umetugawia asali yetu wenyewe, na sisi tunakwambia ahsante."

"Nilikuwa naisikia kila mara," alisema Kinyabike. "Usidhani niliimeza bila kukwama."

Mullah akakohoa, akakunjua karatasi yake juu ya goti, akalowesha kalamu, akapiga mstari juu ya jina moja. Akahesabu upya, kata upande huu, kunguru upande ule, kidole kikishuka.

"Mababu kumi na mmoja," alitangaza, "na hawajakutana."

"Na wa kumi na mbili?" aliuliza Tuhfat.

"Wa kumi na mbili ni mbwa mwitu," alisema Kinyabike. Ulimi ulimponyoka. Akaufunika mdomo kwa ncha ya kitambaa, kwa aibu, kwa kuwa haikuwa saa ya hayo.

Biktimir alikuwa ameokota vipande vya kata, amevishika kwenye kofia yake, hajui pa kuviweka. Wote walijua kilichobaki, na kwamba mwenye kusema ni yule aliyefutiwa chapa. Harusini majina ya mababu wa bibi arusi husomwa mbele ya watu. Yanbirde alikuwa wa pili.

"Atasomwa," alisema Tuhfat. "Asiposomwa, msichana hana babu, na mimi siozeshi mjukuu wangu kwa mtu asiye na babu. Biktimir, vaa hiyo kofia kichwani, hivyo vipande vitie motoni." Kisha akamgeukia Kinyabike. "Lakini hutasoma wewe. Si harusini, si kwenye karamu yoyote, mpaka tufe mimi na wewe. Atasoma mullah, kutoka kwenye karatasi."

Kinyabike aliinama. Majina ya baba yake, koo tatu, yalikuwa yanamjaa mdomoni kama maji, na alikuwa ameambiwa ayameze. Alitazama njiani. Tanhilu na Aytugan walikuwa bado upande huu na upande ule, ila mmoja wao alikuwa amepiga hatua, haikujulikana nani.

"Sawa," alisema.

Mtengeneza matandiko alifika Ijumaa hiyo mchana, akala, watu wakamsikia, akarudi kwao na zawadi nzuri ya ngozi. Harusi ilifanyika majani yalipoanza kugeuka. Mullah alisoma kwa pua, akiruka silabi, akimpa mtu ndege wa mwingine, na kila alipokosea midomo ya Kinyabike ilicheza bila sauti. Kwenye jina la Yanbirde mullah alisita, na karamu nzima ikamtazama Tuhfat. Tuhfat alikuwa anakula mbavu ya farasi. Aliendelea kula, na mullah akaendelea kusoma. Watoto walilalamika mpaka usiku kwamba Kusyabay amesahauliwa, na mama zao wakawanyamazisha kwa pipi.

Asali ilirinwa baada ya harusi. Mara hii Tuhfat alipanda peke yake na wanawe, na Biktimir akabaki nyumbani. Siku ya pili Tanhilu alikuja kutoka ng'ambo, amevaa kitambaa cha mke wa mtu, amebeba chombo cha mti kimejaa mpaka ukingoni. Ilikuwa nusu kamili, kama miaka yote.

"Mzee amesema nikwambie hivi," alisema. "Huu si mgawo. Mgawo umekwisha. Hii ni zawadi ya mkwe kwa mkwe. Na amesema nisirudi bila jibu."

Kinyabike aliimimina asali kwenye chombo chake polepole. Akakifuta kile cha Tuhfat, akakifuta tena. Akamwuliza mjukuu habari za ng'ombe, habari za mama mkwe, kama paa la hema linavuja. Chai ilipoa, ikapashwa moto, ikapoa. Tanhilu alikuwa ameolewa na watu wavumilivu, na alikuwa ameanza kujifunza kwao. Aliketi tu.

"Mwambie mkwe wangu," alianza Kinyabike, akakwama. Akatazama upande wa mlango, ambako Yanbirde alizoea kutundika kamba yake. "Mwambie ahsante."

Neno lile lilimtoka kama jino. Kisha akachovya kidole kwenye asali, akakilamba, akasema mwaka huu ni tamu kuliko mwaka jana.